Samaki Wasiokuwa na Jicho: Uchambuzi wa Kisa cha Duka Moja la Vyakula Mjini Tanga

Usuli

Kisa hiki kinahusu duka la vyakula la kujihudumia lililopo katika mojawapo ya kata za Jiji la Tanga, mahali wanapoishi watumishi wa ofisi, walimu na wafanyabiashara wa kati. Majina ya duka, ya mwenye duka na ya wafanyakazi wake yameondolewa, na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha yamebadilishwa. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa.

Mwenye duka ni mama wa makamo aliyeuza nafaka kwa miaka mingi kabla ya kufungua duka hilo. Aliona kwamba kila jioni wateja walinunua mchele, nazi, nyanya na ndimu, kisha wakauliza kama kuna kitoweo. Kitoweo hakikuwapo, isipokuwa mayai na maharage, na mteja aliyekwenda kukitafuta kwingine mara nyingi alizinunua huko huko na ndimu zenyewe. Kwa hiyo aliamua kuuza samaki.

Kabla ya kuanza, alisoma mawaidha yaliyoandikwa kwa ajili ya maduka makubwa ya Marekani. Huko mnunuzi wa kawaida hununua zaidi kamba, samoni na jodari wa kopo, na miongozo ya lishe ya serikali humshauri mtu mzima ale takriban gramu 227 za vyakula vya baharini kwa wiki, kiasi ambacho wengi hawakifikii. Vizuizi vinavyotajwa mara kwa mara ni kwamba mtu hajui kumpika samaki, anaogopa harufu yake nyumbani, na hana hakika ya kumtambua aliye mzuri. Ndiyo maana maduka hayo hushauriwa kuuza minofu isiyo na miba, iliyofungwa vizuri, pamoja na karatasi ya maelekezo ya mapishi. Kwa nchi ambayo watu wengi hukutana na samaki mgahawani kuliko jikoni kwao, ushauri huo ni wa busara. Mwenye duka aliuchukua mzima mzima akauleta Tanga.

Miezi miwili ya kwanza

Biashara ilianza Januari, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia na samaki ni wengi. Duka lilinunua friza mbili kubwa. Mara mbili kwa wiki kijana wa duka alikwenda kwenye mnada wa samaki katika diko la Deep Sea, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinaposhushia samaki, akanunua changu, tasi na nguru, takriban kilo 40 kwa safari moja. Walirudi nao dukani, wakakata vichwa, wakatoa minofu, wakaipanga kwenye visahani vyeupe vilivyofunikwa nailoni, na kuiingiza yote kwenye friza kwa mkupuo mmoja. Kila kisahani kilibandikwa karatasi iliyosema "Samaki freshi", na kando yake kulikuwa na kadi ya mapishi.

Wiki ya kwanza waliuza, kwa sababu kila kitu kipya kina wajaribuji wake. Wiki ya tatu mauzo yalikuwa yameshuka, na miezi miwili ilipotimia friza moja ilikuwa imejaa minofu iliyopauka kingo kwa kukaushwa na baridi. Hapo ndipo mimi, mwandishi wa kisa hiki, niliombwa nije nitazame na kushauri.

Nilikaa jioni tatu karibu na friza hizo bila kusema na mtu. Jioni ya pili aliingia bibi mmoja na mkwe wake. Binti wa duka alimwamkia, bibi akaitikia "Marahaba, mwanangu," akafungua friza, akatoa kisahani, akakigeuza juu chini, kisha akakigonga mara mbili ukingoni mwa friza. Kilitoa mlio wa ubao. "Huyu samaki au kuni?" aliuliza, bila ukali. "Jicho lake liko wapi? Shavu lake liko wapi? Na kichwa mmempa nani?" Alikirudisha mahali pake taratibu, akanunua nazi mbili, wakaondoka. Katika maswali yale manne ulikuwamo karibu uchunguzi wote niliokuwa nimeitwa kuufanya.

Asubuhi ya mnadani na jioni ya mjini

Kwa sababu bibi yule alikuwa ameshaeleza kwa nini hawanunui, lililobaki kujua ni wapi wanakonunua na nani anakosa. Nilikwenda Deep Sea asubuhi kadhaa. Vyombo vilivyokesha baharini hurejea alfajiri, mnada huchangamka mapema, na mtu anayechelewa hukuta wale wazuri wameshaondoka na wenye hoteli na wachuuzi wakubwa. Mchana samaki huzunguka mitaani kwenye matenga ya baiskeli. Jioni waliobaki huishia kwenye makarai ya wakaangaji.

Mwalimu anayetoka kazini saa kumi na moja, kwa hiyo, ana njia mbili: anunue samaki ambaye tayari amekaangwa na mtu mwingine, au apike kitu kingine. Samaki mbichi, safi, aliyeparwa, wa kutia kwenye mchuzi wa nazi saa moja usiku, hakuwa akipatikana kwa urahisi. Pengo hilo lilikuwa la saa tatu tu kwa siku, na duka lilikuwa limekaa katikati yake bila kujua, likiuza minofu migumu kama mbao kwa watu waliokuwa tayari kulipia samaki.

Nilipowahoji wateja kumi na wachache, hakuna hata mmoja aliyesema hajui kupika changu. Walichokilalamikia ni kupara. Mtu ametoka kazini, ana watoto, nyumba ni ya kupanga na sinki ni la pamoja. Magamba yanaruka ukutani na matumbo hayana pa kutupwa hadi asubuhi. Harufu inayomkera mnunuzi wa Marekani wakati wa kupika, hapa ilikera kabla ya kupika.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kuwagandisha samaki wa miamba, yaani changu, tasi na wenzao, na kuwauza juu ya barafu, wazima, na vichwa vyao. Friza ya kawaida inayoingiziwa kilo 40 za samaki wenye joto kwa mara moja huchukua muda mrefu kuwagandisha. Maji yaliyomo ndani ya nyama huganda polepole na kufanya chembe kubwa za barafu zinazopasua nyuzi zake. Samaki akiyeyuka, maji hutoka pamoja na utamu, na nyama hubaki kama sponji. Wateja hawakuwa na maelezo hayo, lakini ulimi ulikuwa umeshawaambia.

Tuliunda meza ya bati lisiloshika kutu, yenye mteremko kidogo na tundu la kutolea maji, kwa sababu samaki anayelala kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka hupauka na kuharibika upesi. Kipimo tulichokubaliana ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, kuanzia dikoni na si kuanzia dukani. Kijana wa mnadani alilipinga hili kwa siku nyingi, akisema barafu inachukua nafasi ya samaki kwenye kasha. Alikuwa sahihi kuhusu nafasi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumwajiri mama mmoja aliyekuwa akipara samaki dikoni. Samaki alipimwa kwenye mzani akiwa mzima, mbele ya mteja, kisha akaparwa bure. Kichwa kilirudishwa kwa mwenyewe, isipokuwa akikikataa. Mteja akitaka kuona shavu, mpara alilifunua kwa kidole na kumwonyesha wekundu wake. Hatukuruhusu kila mtu kuwabonyeza samaki, kwa sababu za usafi, na hilo lilizua manung'uniko ambayo mpara aliyamaliza kwa maneno yake mwenyewe bila msaada wa menejimenti.

Wa tatu ulihusu ahadi. Awali bango la duka liliahidi changu kila siku, na bahari haifungwi na bango. Dagaa na vibua wanaovuliwa kwa taa hupatikana zaidi siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina kazi. Pweza huwa wengi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba kuachwa wazi, na hupungua wakati wa maji mafu. Kusi likivuma, vyombo vidogo hubaki pwani siku nzima. Bango liliondolewa, ukawekwa ubao mweusi ulioandikwa kila siku saa tisa alasiri: waliopatikana leo, na kila aina inafaa kupikwaje. Siku ambayo hakukuwa na kitu, ubao uliandikwa hivyo hivyo kwamba hakuna.

Friza hazikutupwa. Moja ilibaki kwa ajili ya pweza, ngisi na kamba, na hapa kuna jambo linaloshangaza watu: kule kugandisha kunakomharibu changu humfaa pweza. Zile chembe za barafu zinazopasua nyuzi humlainisha, kiasi kwamba hahitaji kupigwa sana wala kuchemshwa kwa muda mrefu. Wateja waliohamia Tanga kutoka Korogwe, Lushoto na bara zaidi, ambao walikuwa wakimtamani pweza na kumwogopa, ndio waliomnunua. Mpara aliwafundisha kumchemsha kwa maji yake mwenyewe na kuacha chumvi hadi mwisho. Hao ndio wateja pekee ambao kadi ya mapishi ingewafaa, nao walipendelea kuelezwa kwa mdomo.

Jambo la nne lilianza kama nyongeza tu. Duka lilianza kuuza dagaa wakavu walioanikwa juu ya chanja, si mchangani, wakachambuliwa na kufungwa kwenye vifungashio vinavyoonyesha kilichomo ndani. Kila aliyewahi kuuma punje ya mchanga katika dagaa anajua kwa nini.

Kulikuwa na kero ya ubebaji pia. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini mwezi Juni 2019, samaki mwenye maji ndani ya mfuko wa kitambaa huvuja kwenye bajaji, na abiria wenzako hawasahau. Duka lilianza kukopesha vindoo vyenye mfuniko kwa dhamana ndogo. Baadhi havikurudi.

Katika bei hatukuelewana. Mwenye duka alitaka kulingana na sokoni. Mimi nilimwambia kwamba anayenunua saa moja usiku samaki aliyeparwa hanunui kitu kile kile kinachouzwa alfajiri. Mwishowe vibua na tasi wadogo waliuzwa karibu na bei ya soko, ili mwenye kipato kidogo asiogope kuikaribia meza, na faida ikatafutwa kwa nguru, kolekole na kamba.

Tukio la jodari

Katika mwezi wa sita lilitokea jambo ambalo nilipaswa kulitabiri. Pikipiki iliyobeba samaki ilipata pancha njiani, na kasha likakaa juani kwa muda usiojulikana vizuri. Lilikuwa na barafu chini tu. Vipande vya juu, vya jodari, havikuwa na kitu. Vilipofika vilinukia vizuri na nyama ilikuwa na rangi yake. Vikauzwa.

Usiku ule ule baba mmoja alipiga simu. Yeye na mkewe, muda mfupi baada ya kula, walipata wekundu usoni, mwili kuwasha, kichwa kugonga na moyo kwenda mbio. Mwenye duka alidhani ni mzio. Saa moja baadaye ilipiga familia ya pili, isiyo na undugu na ya kwanza, ikieleza yale yale. Wote walikwenda kwenye zahanati, wakatibiwa na kupata nafuu.

Jodari, vibua, nguru na sehewa wana kemikali katika nyama yao ambayo bakteria huigeuza kuwa histamini samaki akikaa kwenye joto. Histamini ikishatengenezwa haiondolewi kwa kupikwa wala kwa kugandishwa, na inaweza kuwa nyingi kabla pua haijahisi lolote. Wakati wote ule duka lilikuwa limejifunza kuangalia jicho, shavu na kunusa, vipimo vya bibi yule, ambavyo ni vizuri kwa changu. Kwa jodari havitoshi.

Kesho yake kulikuwa na ushauri wa aina mbili. Ndugu wa mwenye duka walimwambia anyamaze, kwani wagonjwa wamepona na mji una maneno. Yeye alikataa. Alirudisha fedha, akalipa gharama za zahanati, akawapigia simu wote walioagiza jodari siku ile kwa simu. Waliokuja wenyewe na kulipa taslimu hakuwa na namna ya kuwapata, na jambo hilo lilimsumbua. Alisimama mlangoni jioni mbili akiwauliza waliokuwa wakiingia. Kilichobaki kilifukiwa.

Kanuni mpya ilikuwa fupi. Samaki wa aina hizo asipofika amezungukwa na barafu pande zote hapokelewi, hata anukie vipi, na kipimajoto huingizwa kwenye sehemu nene ya nyama, karibu na mfupa. Kikizidi nyuzi joto 4, anarudishwa. Kijana wa mnadani hakulalamikia tena nafasi ya barafu.

Matokeo

Mauzo ya samaki yalishuka kwa wiki tatu baada ya tukio lile, kisha yakarudi. Familia ya kwanza iliyougua ilirejea mapema kuliko nilivyodhani, ingawa hadi leo hainunui jodari. Mwaka ulipokaribia kwisha, siku nyingi za kaskazi meza ilikuwa tupu kabla ya saa tatu usiku. Miezi ya kusi ilikuwa migumu, na kulikuwa na siku ambazo mpara alikaa bila kazi akichambua dagaa.

Samaki wabichi wenyewe hawakuleta faida kubwa. Barafu, mshahara wa mpara na waliotupwa vilimega sehemu nzuri ya pato. Faida ilionekana kwenye rafu za jirani, yaani nazi, mchele, ndimu, bizari na nyanya, kwa kuwa mteja sasa alimaliza mahitaji ya chakula cha jioni mahali pamoja. Bidhaa ya baharini iliyoleta faida safi zaidi ilikuwa dagaa wa chanja, ambao hawahitaji umeme, hawalali, na wanasafiri vizuri hadi bara. Friza ya pili iliuzwa.

Uchambuzi

Kosa la mwanzo halikuwa uzembe. Mwenye duka alisoma, akatekeleza, na alichotekeleza kilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Kwa wastani wa dunia mtu mmoja hula takriban kilo 20 za samaki na viumbe wengine wa majini kwa mwaka, na wastani wa Tanzania haufikii hata nusu ya hapo. Mtu akiitazama tarakimu hiyo peke yake anaweza kudhani kazi ya muuzaji ni kuwashawishi watu wale samaki. Wastani wa nchi huchanganya Dodoma, iliyo mbali na bahari, na Sahare, iliyo pwani hapa Tanga. Katika mji ambao papa mkavu kwa bada, yaani ugali wa muhogo, ni chakula cha kukaribishia mgeni, hamu haihitaji kuamshwa, na kadi inayomfundisha mama wa Tanga kumkaanga changu ilikaribia kuwa matusi.

Hata hivyo ushauri wa Marekani haukuwa na makosa yote. Mnunuzi wa kule na bibi wa hapa wana shaka moja, kama samaki huyu hajaharibika. Kule kifungashio na jina la duka huiondoa shaka hiyo. Hapa kifungashio kiliiongeza, kwa sababu kilificha viungo ambavyo mnunuzi amefundishwa tangu utotoni kuvitazama. Neno "freshi" juu ya kitu kilichoganda lilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Nina hakika kwamba kama karatasi ingesema wazi "waliogandishwa", wachache wangenunua, lakini hakuna ambaye angeondoka akihisi amedanganywa.

Nami nilikosea mahali pawili. Nilishauri minofu iachwe kabisa, na ndani ya wiki mbili akina mama wenye watoto wadogo walikuja kuiulizia kwa ajili ya miba. Ilirudishwa kwa kuagiza, ikikatwa mbele ya mteja. Kosa la pili ni la jodari. Niliweka kanuni ya barafu kama suala la ubora na nikaiacha ijadiliwe kama gharama, na jambo la usalama likishawekwa kwenye mizani ya gharama, siku moja pancha itaamua. Vipimajoto vilinunuliwa baada ya watu kuugua, ingawa bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya kolekole mmoja mkubwa.

Uamuzi uliozaa zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa ule wa mpara, na uthibitisho wake ulikuja kwa njia ambayo mwenye duka hakuipenda. Baada ya miezi kumi mama yule aliacha kazi, akaweka meza yake mwenyewe umbali wa mitaa miwili, akipara samaki wa yeyote kwa malipo ya kila samaki, na sehemu ya wateja ikamfuata. Meza ya barafu ilikuwa pale pale, samaki walikuwa wale wale, na mauzo ya jioni yakapungua mara moja. Mwenye duka alikwenda kumsalimia, wakazungumza muda mrefu, hakurudi naye. Aliajiri wapara wawili, akawalipa kwa idadi ya samaki badala ya mshahara wa mwezi, na siku ambazo samaki ni wengi kuliko mikono, humtumia mama yule sehemu ya kazi na kumlipa kwa bei ya mezani kwake.